Gaudensi, Siyo Tope

Ndugu waombolezaji, mimi ni Oswaldi, mdogo wa marehemu, na kwa kuwa wengi wenu mnamjua kwa jina la Tope, sikilizeni mpaka mwisho, maana leo nasoma mimi na sitaki kusikia mtu akicheka.

Kaka yangu Gaudensi alizaliwa Mwimbi tarehe 3 Machi 1912, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1929 akajifunza uashi, tarehe 8 Oktoba 1935 akafunga ndoa na shemeji yangu Epifania, wakajaliwa watoto watano, akawajengea nyumba ya matofali aliyoyafyatua na kuyachoma mwenyewe, tena pombe hakuionja maisha yake yote.

Julai 1950 lilikuja lori la serikali na Mzungu wa senema, akitafuta nyumba safi ya kumalizia kichekesho chake cha mlevi mchafu anayegeuka mtu wa maana, akaipenda ya kaka, wakampiga picha kwanza mlangoni kwake na shati lililopigwa pasi, kesho yake wakampaka matope na kumwangusha juu ya mtungi wa pombe mbele ya kibanda cha Evaristi, huyo aliyekaa kiti cha mbele, kibanda ambacho hakikuhitaji kuchafuliwa.

Kila kiangazi senema ikaonyeshwa uwanjani Sumbawanga, matope yakitangulia na shati likifuata, nanyi mliokua naye mkasema serikali ndiyo iliyomwosha na kumpa nyumba, mkamwita Tope sokoni na hata mlangoni mwa kanisa, na mwaka 1956 watu wa Mazwi wakavunja uchumba wa binti yake Agnesi, wakidai hawaoi kwa mlevi. Hamkuona aibu.

Aliugua kichomi mwezi uliopita, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Februari 1958, akiwa ameniomba jambo moja tu, kwamba msalabani liandikwe jina lake la ubatizo, na asubuhi hiyohiyo Evaristi, kwa wema wake, akaleta msalaba uliochongwa jina la Tope. Nimeupasua kwa shoka, ndio uliochemsha maji ya kumwoshea, Padre anisamehe.

Familia inamshukuru mganga aliyemhudumia, waashi wenzake waliochimba kaburi, na majirani waliobeba jeneza, ila waliokuja kumtazama Tope hatuna la kuwaambia.

Pumzika kwa amani, Gaudensi, Tope tunamwacha huku nje na wenyewe.