Vidonge Viwili vya Fundi Saa

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi ile lilikuwa limebeba watu wake wa kila siku: Waziri, kinyozi wa jirani, mwenye jibu la kila kitu, na Gia, dereva wa malori aliyestaafu lakini bado anaongea kama yuko mlimani na mzigo. Kahawa ilikuwa inazunguka. Fundi Saa hakuwa ameigusa yake. Jino lilikuwa likimtwanga tangu alfajiri, na kiganjani alikuwa na vidonge viwili vya maumivu asivyothubutu kuvimeza. Juzi tu kaka yake mkubwa alikunywa vya aina hiyohiyo. Saa haikuisha, midomo ikavimba na pumzi ikambana. Alipona, lakini daktari alisema kuna miili inayozikataa dawa hizi, na huenda tatizo likatembea ndani ya ukoo.

— Meza bwana! Mbona unavikodolea macho kama mtihani? alisema Gia.

— Na kama ninayo na mimi, hiyo ya kaka? Baba mmoja, mama mmoja.

Waziri akashusha kikombe.

— Sikilizeni. Damu ina daftari. Kila babu aliyepita kaandika lake mle. Kidonge kikiingia, linafunguliwa: huyu apite, huyu arudishwe.

— Acha fiksi! Daftari gani lisilolowa?

— Hiyo pua yako ulinunua dukani, Gia? Si ya marehemu baba yako? Basi kama pua imefika salama, hasira za mwili zitashindwaje kufika?

Gia akajishika pua. Alikuwa nayo miaka sitini na nne, na leo ndiyo mara ya kwanza kuistaajabia.

— Yaani babu wa babu yangu, ambaye hata kidonge hakuwahi kukiona, alishaamua kitanifanya nini?

— Alishapiga na muhuri.

— Duh! Ndiyo maana nilikuwa nasinzia kwenye usukani. Babu alikuwa mlinzi wa usiku, mchana ni kulala tu!

Wakacheka, isipokuwa Fundi. Miaka ishirini alikuwa akifungua saa za watu, akijua kila gurudumu linasukuma lipi. Mwili wake mwenyewe hakuwahi kuufungua hata kifuniko. Hofu na mshangao vilimpanda kwa pamoja.

— Lakini ukimtoa kaka, kwetu hakuna mambo ya dawa, alisema kwa kujipa moyo. Marehemu mama alikuwa anavimba uso, kweli, ila yake yalikuwa mayai. Nyumba nzima tuliyapiga marufuku.

Mama mmoja alikuwa amefika na saa ya ukutani kwapani, anasubiri zamu yake.

— Samahani baba, hayo mayai alikuwa anayala wakati gani?

— Akiumwa kichwa, mama. Hakuwa anakunywa dawa tumbo tupu, basi dada anamchemshia yai, anakula, halafu...

Fundi akavitazama vidonge kiganjani.

— Na mlipoacha mayai, aliacha kuvimba?

Waziri akatazama ndani ya kikombe chake. Gia akatazama barabara. Fundi alikumbuka vizuri: mama yake hakuacha kuvimba. Waliposhindwa kuyalaumu mayai, walilaumu vumbi.

Akavirudisha vidonge kwenye karatasi, akatoa simu na kumpigia binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine.

— Mwanangu, shikamoo baadaye. Ukiumwa kichwa unakunywa dawa gani?

Sauti ya binti ikaja, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye midomo minene:

— Baba, nani amekwambia nimevimba? Nilimkataza mama asikwambie. Ni mafuta tu ya uso nimebadilisha.