Marehemu Urbano Mughwai na Siku ya Picha

Padri, Mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu na nyote mliofika: mimi Laurenti ni mkubwa wake, na haikuwa zamu yangu kumsomea yeye. Nikipotea njia kidogo mnivumilie, nitarudi.

Marehemu alizaliwa hapa Sepuka mwaka 1921, wakati wa kuvuna uwele. Mama alisema hakulia. Alitulia kama mtu anayesikiliza.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1934. Mimi niliishia la pili, maana ng'ombe hawakuweza kujichunga. Kiingereza alikipata vitani Burma, 1944 hadi 1945, akipokea maneno ya maofisa na kuwaeleza wenzake. Aliporudi akawa karani wa stoo ya barabara kule Shelui, na mwaka 1970 kijiji kikamchagua mtunza ghala.

Alifunga ndoa na Anastasia tarehe 5 Juni 1948. Ng'ombe mmoja wa mahari alitoroka mara mbili kurudi kwetu, na mara zote mbili Urbano alimrudisha ukweni kwa miguu. "Kilichotoka kimetoka," alisema.

Sasa lipo jambo aliloniagiza nilisome kabla ya udongo.

Mwaka 1974 mvua ilikata, nasi tulikuwa tumehamishwa kwenye tembe zetu juzi juzi tu. Tulikula yanga, yale mahindi ya njano kutoka Marekani, magunia yenye picha ya mikono miwili iliyoshikana. Jumatatu tarehe 16 Septemba akaja Mmarekani wa msaada, kamera shingoni. Aliwakuta watu ghalani wamechakaa, akasema kesho atawapiga picha. Urbano akatueleza sababu. Kule kwao vyama viwili vinagombania fedha ya mahindi haya. Novemba wana uchaguzi, na wapo wagombea wanaouliza kwa nini walishe watu wa mbali wakati kwao bei zimepanda. Picha zitapelekwa kwa wabunge wao kabla hawajaamua.

"Chama kimoja alama yake tembo, kingine punda," alisema.

"Kumbe kama jembe na nyumba kwenye kura zetu," akadakia Yustina, jirani yake. "Sasa shemeji, anayetulisha ni yupi?"

"Inategemea."

"Aa! Tembo namjua, anamaliza shamba. Mimi nampa huyo punda."

Tukacheka. Njaa ilikuwa haijatufundisha bado.

Mnamjua mtu wa kwetu akisikia picha. Kesho yake watu walikuja wamejipaka samli ya mwisho, kanga zimetoka sandukuni, wazee na makoti ya harusi. Leah, binti wa Yustina, miaka sita, alivaa gauni la bluu la Krismasi. Mgeni akashika kiuno. Alilosema walilijua wawili tu, yeye na Urbano: "Waambie wakavae kama jana. Hivi walivyo, hakuna mbunge atakayeamini kwamba wana njaa."

Urbano akawageukia watu. Walikuwa wamesimama wima kwenye upepo, wanangoja.

"Mgeni anasema mmependeza," akawaambia.

Na kwa mgeni akasema: "Wamekataa."

Picha ikapigwa.

Magari ya yanga yalikuja mara mbili tena. Desemba hayakuja. Januari hayakuja. Kama ni picha, kama ni kura, kama ni barabara, hakuna aliyetuambia, na Urbano hakuuliza. Hadi Machi 1975 tulikuwa tumezika watu tisa. Leah alikuwa wa nne. Urbano alichimba makaburi yote tisa, sisi tukadhani ni wema tu.

Mwishoni mwa mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba. Alilazwa Singida wiki tano, akarudishwa nyumbani, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 1978, saa nne asubuhi. Siku tatu kabla alinipa bahasha. Ndani ilikuwa ile picha, na karatasi aliyoandika maneno ya mgeni na majibu yake. Mgeni alimtumia kwa posta, naye aliificha miaka mitatu. "Kaka, wasomee. Wao ndio waamue kama nilikosa. Halafu hii unizike nayo."

Jana nilianza na Yustina, maana sikuweza kumshtua mbele za watu. Nilimsomea hadi hapa. Aliomba picha, akamtafuta mwanawe kwa kidole.

"Shemeji, alinidanganya."

"Ndiyo, shemeji."

"Ningejua ningemvua hilo gauni. Ningemvisha gunia lenyewe." Akaifunga picha kwenye pindo la kanga. "Hii haizikwi na mtu. Kesho udongo nitatupa, lakini nitatupa wa mwisho."

Yupo hapa, mmemwona alipoketi.

Na mvua ya mwaka huu mmeiona wenyewe ilivyokata. Wiki iliyopita nilikuwa Shelui, mnajua miguu yangu haitulii. Yupo mgeni pale, kamera shingoni, anauliza kwenye vijiji vya huku ni nani anajua Kiingereza. Novemba wanapiga kura tena.

Marehemu ameacha mjane, Anastasia, watoto watatu, Petro, Esta na Cecilia, wajukuu saba, na mimi kaka yake.

Urbano, mdogo wangu, nimesoma yote, sikupunguza neno. Mungu akupokee. Pumzika sasa, waliobaki wataamua.