Vifuniko Vinne vya Kaza Tena

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chali chini ya magari ya watu, fundi wetu mkuu wa magurudumu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili lipo kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini hapa gereji ukimwita kwa jina hilo hageuki. Sisi tunamjua kama Kaza Tena. Mimi ninayeandika ni mama wa stoo. Nimempa nati na kumdai spana kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, kwa hiyo mkiona nimemsifu, mjue sifa hiyo imenitoka kwa shida.

Alianza kwa kuziba pancha, pale kwenye pipa la maji karibu na geti. Magari madogo hayakumkalia rohoni. Alichopenda ni yale magari marefu ya kupanda milima, ambayo wenyewe hawalali mpaka wayavalishe matairi makubwa. Na tairi kubwa haliingii hivi hivi, jamani. Likikaa mahali pa lile la zamani linakwaruza springi kwa ndani. Ndipo inapowekwa spesa, kile kipande kinene cha chuma kinachokaa kati ya habu, yaani kile kitovu linapofungwa gurudumu, na rimu na kulisukuma gurudumu nje. Ukilisukuma mno, linaanza kula madigadi, yale mabati ya kukinga tope. Kati ya kukwaruza ndani na kula nje hubaki nafasi ya kidole tu, na Kaza Tena amekula mshahara wake humo miaka yote.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa chaki. Akishafunga tairi jipya, anapaka chaki ukingo wote wa madigadi, anapandisha gurudumu moja juu ya gogo, anakata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Chaki ikifutika hata kidogo, kazi inarudi mwanzo. Wateja walinuna, bosi alikohoa, yeye akaendelea kupaka. Kuna mwaka nilimnunulia chaki za rangi kwa utani. Alizitumia zote, na gari la bwana mmoja mwenye kiburi likatoka hapa limepakwa waridi kama bibi harusi.

Jina la Kaza Tena lilitokana na sheria yake moja. Gurudumu lenye spesa lina nati za safu mbili: za nje unaziona, za ndani zimefichwa na rimu. Gari likishatembea na kurukaruka kidogo, zile za ndani huweza kulegea, na huzijui mpaka gurudumu livuliwe. Kwa hiyo kila mteja aliambiwa arudi baada ya safari ya kwanza akaziwe tena. Wote walikubali kwa viapo, na wote wakatokomea. Kaza Tena alichoka kubembeleza watu wazima. Akaanza kuvishika mateka vile vifuniko vinne vinavyong'aa katikati ya rimu. Unataka vifuniko vyako? Rudi ukaziwe.

Weee, tulitukanwa! Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu alikuja hapa anafoka, ati mkewe amemwambia gari linaonekana kibogoyo. Hakutaka kukaziwa chochote, alitaka vifuniko vyake aende zake. Kaza Tena alimsikiliza kwa adabu zote huku akipandisha jeki. Gurudumu la nyuma lilipovuliwa, nati mbili za ndani zilizunguka kwa vidole vitupu. Yule bwana alikaa juu ya tairi, akaomba maji. Tangu siku hiyo amekuwa mpiga debe wetu, na magari ya ukoo wake wote yanafungiwa hapa.

Sasa niseme lililotuhangaisha mwaka huu, maana bila hilo sherehe hii ingekuwa na sura nyingine. Mkewe, ambaye gereji nzima tunamwita Shemeji, alizaliwa kule mlimani, ng'ambo ya mto, ambako barabara inamshinda hata mwenye trekta. Dada yake mkubwa amebaki peke yake kwenye nyumba ya wazazi wao, na kila akipiga simu hulia. Shemeji ana magoti mabovu, hawezi kupanda mlima ule kwa miguu. Miaka imepita hawajaonana. Mpango wa wazee hawa ulikuwa mmoja: akistaafu, wahamie huko, dada wawili wazeeke pamoja.

Kaza Tena akanunua gari kuukuu na kuliandaa kila jioni baada ya kazi. Alilifungia spesa bora kuliko zote nilizowahi kuagiza na matairi makubwa kuliko yote yaliyowahi kupita mlangoni kwangu. Alipima springi, akapima madigadi, akapaka chaki, akakata usukani huku na huku. Hakuna kilichogusana. Siku ya Jumamosi akamleta Shemeji kuja kuona, sote tukiwa tumejipanga kama tunapokea mgeni rasmi.

Shemeji alisimama kando ya mlango. Kizingiti cha gari kilimfika kiunoni. Akalitazama gari, akamtazama mumewe, akasema kwa upole kwamba ni zuri sana, aende salama na amsalimie dada. Loo! Mtu aliyepima kila kitu hakuwa amempima mkewe.

Alijaribu stuli kwanza. Shemeji akapanda, kisha ikajulikana kwamba stuli lazima mtu ashuke kuiokota, na safari ya majaribio ikaishia kwa stuli yetu kusahaulika kituo cha mafuta. Kisha akachomelea kikanyagio cha bomba chini ya mlango. Akapaka chaki, akakata usukani, tairi la mbele likailamba yote. Tulimwambia akikate kikanyagio kwa mbele. Akajibu kwamba mlango bado uko juu, na mama yule si mbuzi wa kurukia magari. Wiki ile hakutania mtu. Alituambia wazi kwamba Shemeji asipoweza kupanda, yeye haendi popote, na yule dada atajibiwa nini? Nilimwonea huruma, nakiri.

Jumatatu iliyofuata alikuja na utepe wa kupimia mfukoni. Alikuwa amepima ngazi ya mlango wa jikoni kwao, ile Shemeji anayoipanda kila siku bila kushika ukuta. Akaja dirishani kwa stoo na kuniomba matairi ya saizi ya chini. Nilidhani nimesikia vibaya. Katika miaka yote hiyo hajawahi kushusha saizi, na waliowahi kumwomba awashushie walipewa hotuba. Siku hiyo aliyavua yale makubwa mwenyewe, akayaegemeza ukutani, akafunga madogo. Gari likashuka, kikanyagio kikakaa usawa wa ngazi ya jikoni, na chaki ikabaki nyeupe pe. Akaenda kujaribu njia ya mlimani peke yake. Alirudi ametapakaa tope mpaka kwenye kope, tumbo la gari limechubuka, anacheka: limefika.

Shemeji alipanda mara moja. Pindo la gauni lake lilibeba chaki, akakataa kufutwa. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akafunga mkanda, akauliza wanangoja nini. Mumewe aligeukia ukutani akajifanya anatafuta spana. Spana ilikuwa mkononi mwake.

Ijumaa, sherehe ikiisha, gari hilo litaondoka na wote wawili. Dada ameshapigiwa simu. Safari hii alilia kwa furaha.

Kaza Tena, tunakushukuru kwa kila nati, hasa zile ambazo hakuna aliyeziona. Najua umeapa hutarudi kutusumbua, ati mstaafu anayezurura gereji ni kero. Sikiliza basi. Juzi Shemeji alipita stoo, akafungua mkoba wake, akaniwekea mezani vifuniko vinne vinavyong'aa, vya gari lenu. Amesema anakujua: ukifika mlimani hushuki. Viko rafu ya juu, na ufunguo ninao mimi. Ishini vizuri, mle, mlale, mcheke na dada. Kisha urudi ukaziwe, kama kila mtu.