Maisha ya Bwana Kwanini na Dira Iliyokutwa Sandukuni Mwake

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami niliyaandika Jumatatu, kisha Jumatano nikayaandika upya, kwa sababu mtakayoisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1946, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, fundi seremala, na mama yetu, mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, ambamo mimi na yeye tulilala kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule.

Alianza shule ya msingi Januari 1953, akanifuata shule ya bweni Januari 1960, na tarehe 17 Oktoba 1961 alifukuzwa, baada ya dira ya shaba ya chumba cha jiografia kupotea na kukutwa sandukuni mwake, chini ya shati lake jeupe, akachapwa viboko kumi na viwili mbele ya shule nzima, asiseme neno. Mimi nilikuwa kidato cha nne, nikafanya mtihani mwezi uliofuata, nikafaulu. Hakuna mtu wa ukoo huu asiyeijua habari hiyo, na wapo waliomtania nayo hadi uzeeni, wakificha saa zao akiingia sebuleni.

Alipiga randa na baba kwa miaka sita, akaajiriwa askari wa gereza tarehe 3 Julai 1967, na huko ndiko alikopata jina mlilomzoea, kwani kazi ilikuwa kuwahesabu wafungwa na kufunga mlango, lakini yeye alimwuliza kila mmoja kwa nini, hata wenzake wakamwambia, "Kaiba basi, Bwana Kwanini, unataka na hadithi yake?" Alisoma kwa njia ya posta, na kuanzia tarehe 1 Februari 1974 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2001 alikuwa afisa wa probesheni, kazi yake ikiwa kumwandikia hakimu, kabla ya hukumu, mshtakiwa ni mtu wa namna gani na nini kilimfikisha pale. Alizisoma nadharia zote, ya wanaosema uhalifu huletwa na umaskini, ya wanaosema ni marafiki, ya wanaosema ni malezi, na ya wanaosema umo damuni, akazipima kwa watu aliowahoji, akasema kila moja ni koti linalomkaa huyu na kumbana yule. Mimi, mwalimu mkuu, nilimwambia mara nyingi kwamba mwizi huiba kwa kuwa ni mwizi, naye alinitazama, akacheka kidogo, akaniongezea chai.

Tarehe 9 Desemba 1972 alimwoa shemeji yangu, muuguzi, ambaye alipoulizwa mezani kwa nini chumvi imezidi alijibu, "Mimi si mshtakiwa wako, baba watoto, imezidi basi," na wakajaliwa mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu saba.

Aliugua figo tangu Agosti 2022, akafariki Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa kumi jioni.

Jumanne nilifungua kabati lake kutafuta cheti cha shule, ili tarehe hizi ziwe sahihi, nikakuta jalada moja, na ndani yake fomu ile ile aliyowajazia washtakiwa, imejazwa kwa mwandiko wake, na mahali pa mshtakiwa pana jina langu, majina yote matatu. Kosa, ameandika, ni kuchukua dira, na kuitia sandukuni mwa mdogo wake asubuhi ya upekuzi. Shahidi ni marehemu mwenyewe, alikuwa mlangoni mwa bweni.

Niliisoma fomu ile mara mbili. Kwa miaka sitini na mitatu niliamini hajui.

Ni kweli, ni mimi.

Mahali pa sababu aliandika kwa penseli na kufuta, akaandika na kufuta, hata karatasi imekuwa nyembamba, lakini maneno bado yanasomeka: umaskini, lakini baba alikuwa na kazi; marafiki, lakini wangu walikuwa wema; malezi, lakini tulilala kitanda kimoja; damu, lakini yetu ni moja. Pameachwa wazi. Chini, kwenye ushauri kwa hakimu, ameandika, "Asisumbuliwe. Atasema mwenyewe."

Aliwauliza watu wote, mimi hakuniuliza. Nafasi ile nimeijaza kwa wino, kwamba niliitaka dira ile, kisha nikaogopa, na nimetafuta neno lingine sikulipata. Wanangu, baba yenu hakuwa mwizi, na waliomfichia saa zao walipaswa kunifichia mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta viti na kuchota maji tangu Jumapili, wafanyakazi wenzake wa gerezani na mahakamani, pamoja na wanaume wanne waliosimama kando ya jeneza, ambao zamani aliandika taarifa zao, na ambao wameomba wenyewe kulibeba.

Nimesema mwenyewe, mdogo wangu, ingawa nimechelewa, nawe sasa pumzika kwa amani.