Muzee Grégoire Ukumu na Trakta Iliyogoma Siku Kumi na Moja

Tarehe 30 Juni 1987, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, muzee Grégoire Ukumu anastaafu kutoka Kituo chetu cha Miche hapa Bunia. Kwa mujibu wa karatasi zake alipaswa kuondoka miaka miwili iliyopita. Sababu ya kuchelewa itaelezwa, kwa kadiri inavyofaa kuandikwa katika jarida hili.

Alitoka Mahagi mwaka 1961, akaajiriwa kukata majani. Trakta yetu ndogo ya bustani, iliyoachwa na Wabelgiji, ilikuwa imechoka tangu wakati huo. Haimzidi ng'ombe mnene kwa ukubwa, lakini ndiyo inayovuta pipa la maji kutoka mtoni hadi kwenye vitalu vya kahawa. Wakubwa walipoona Grégoire haogopi kuchafua mikono, walimpa trakta na cheo cha fundi. Shule ya kumfundisha ufundi hawakuitaja. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, na haki ya Mungu alianza na kuharibu.

Februari 1978, jua likiwa kali na miche elfu arobaini ikisubiri maji, trakta ilikataa kutembea. Mota iliunguruma vizuri, vitesi, yaani gia, viliingia, lakini trakta haikusogea hata hatua moja. Wakati huohuo barua ilitoka ofisi kuu ya Kisangani: mkaguzi angefika tarehe 28. Akikuta trakta imekufa, itafutwa kwenye orodha pamoja na wafanyakazi sita wa maji.

Grégoire hakuwa na shaka. Alitangaza mbele ya watu wote kwamba ugonjwa uko ndani ya boîte ya vitesi, lile sanduku la gia, akaifungua. Kwa siku kumi na moja meno, vyuma na misumari yake vilitandazwa juu ya turubai kama bidhaa sokoni Bule. Alivisafisha kimoja kimoja, akavipaka mafuta, akavirudisha. Wale sita walibeba maji kwa ndoo, na kila walipopita karibu na turubai walitazama kando, jambo lililomuumiza kuliko matusi.

Jumatatu tarehe 27 boîte ilifungwa. Ilikuwa safi kuliko siku ilipotoka kiwandani. Grégoire aliwasha mota, akaingiza vitesi vya kwanza, akaachilia ambreyaji, yaani klachi, polepole. Trakta ilibaki palepale.

Mkurugenzi wetu, Hippolyte Mbusa, mtu wa Butembo asiyepaza sauti, alimsogelea.

"Grégoire, mukaguzi anafika kesho. Siye na weye tutamuambia nini?"

Grégoire aliketi chini akiitazama mikono yake, mota ikiendelea kuunguruma. Baadaye alituambia kwamba hesabu aliyokuwa akifanya ni ya watoto wa wale sita.

Hapo ndipo Hélène Dheda, mama aliyetoka kijiji cha Fataki, mmoja wa wale sita, alipopita na ndoo yake. Alikuwa na maji kidogo yaliyobaki, akayamwagia gurudumu la nyuma lililogandwa na matope. Matope yakadondoka. Hélène akainama, akatazama, akatazama tena.

"Muzee, hii chuma ya katikati iko inazunguka. Lakini tairi iko imelala tu. Ni vile inapaswa kuwa?"

Grégoire aliinuka. "Wapi?"

"Hapa. Angalia weye mwenyewe."

Alizima mota, akachukua chaki, akachora mstari mmoja kutoka kwenye chuma hadi kwenye gurudumu, akawasha na kuachilia ambreyaji tena. Mstari ulikatika: nusu yake ikazunguka, nusu ikabaki. Klaveti, kile kichuma kisichozidi kidole kinachofunga gurudumu kwenye chuma chake, kilikuwa kimevunjika. Nguvu yote ya mota ilikuwa ikiishia hewani. Boîte ya vitesi haikuwa na kosa lolote, wala haikupata kuwa nalo.

Alikata kipande cha tindo, akakisugua kwa tupa hadi kikaingia, na kabla ya jioni pipa lilikuwa njiani kwenda mtoni. Hélène alipanda juu ya pipa bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyemteremsha.

Mkaguzi alifika siku ya pili, akaona boîte ikimeta, akampongeza Grégoire kwa kuiokoa. Grégoire alimsahihisha: boîte ilikuwa nzima, yeye ndiye aliyekosea, na aliyeona ni mama huyu. Mkaguzi alitabasamu, akaandika kwamba fundi ana unyenyekevu wa mfano. Jina la Hélène halikupata nafasi kwenye fomu.

Kuanzia siku hiyo Grégoire alimfundisha Hélène kila alichokijua: kukaza mkanda, kurekebisha ambreyaji, kusikiliza meno, na kuanza na gurudumu kabla ya kufungua chochote. Mwaka 1985 aliandika Kisangani kwamba Hélène ndiye atakayeshika nafasi yake. Walimjibu kwamba kazi hiyo inahitaji mwanaume. Grégoire akajibu kwamba, kama ni hivyo, hajazeeka bado, akarudi chini ya trakta kwa miaka miwili, na mgongo wake ukilia.

Mwaka huu aliandika tena. Sheria, kama tujuavyo, inataka majina yetu halisi bila yale ya ubatizo, na Grégoire ni raia mtiifu. Barua niliipiga mashine mimi mwenyewe, karani wa kituo: alimpendekeza "Cit. Dheda, mwenye uzoefu wa miaka tisa", na "Cit." ni raia, awe mume au mke. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu. Raia Dheda amekubaliwa, na ofisi inafurahi kuona kwamba hatimaye kituo kimempata mwanaume anayefaa.

Muzee Grégoire, asante kwa maji, na kwa ukweli ulioutamka mbele ya mkaguzi. Mkeo, Mama Berthe, anakungoja Mahagi. Mungu awape nyote wawili afya na siku ndefu. Wasomaji wetu tunawaomba jambo moja tu: nakala ya ukurasa huu isifike Kisangani.