Maneno Yaliyobadilika Kati ya Thika na Kimbo

Sogeeni karibu, wanangu, Dismas upande huu na wewe Viola mama upande wa dirisha, nizione nyuso zenu, na msinijibu kwanza, kwa maana mnajua mashine za kiwanda cha nguo zilikula masikio yangu zamani, na leo hata macho ya kusomea midomo yamechoka.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Kimbo na vyumba viwili vya nyuma ni vyenu sawasawa, na asiwepo wa kusema msichana hana ploti. Shamba la Kimilili Dismas alilime, na mnizike huko kando ya mama yenu. Tarumbeta msilirithi kama ng'ombe. Ni la kanisa letu la Thika, na linakaa kwetu kwa sababu tu kuna mtu wa kulipuliza.

Sasa lile linalonikosesha raha. Kesho Mwalimu Kagwe anakuja kuniombea, na mzee yule ulimi wake hauna mlango. Mwezi ujao anamkabidhi Viola bendi nzima ya kanisa. Kuna neno analolijua, na nikinyamaza atalisema yeye, na ninaogopa, Viola, kwamba ukilisikia utaikataa bendi na kuliweka tarumbeta chini, kama kaka yako alivyoliweka.

Dismas, nianze na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, wimbo ukiusikia redioni asubuhi, jioni unautoa wote. Nami nililelewa na methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi kila ulipouliza nilikujibu, "Bado." Pasaka ile kanisa zima lilisimama ukipuliza. Tukirudi ukaniuliza, "Baba, ilikuwaje?" Nikasema, "Ulikosea ubeti wa tatu." Hukukosea, mwanangu. Masikio yangu yalikuwa mazima siku hiyo, na hukukosea hata sauti moja. Ukaliweka tarumbeta juu ya kabati, na miaka ishirini na miwili sijakuona ukipiga hata mluzi.

Ndipo akaja Viola na miaka yake minane, akavuta stuli, akalishusha. Sitasahau kelele ile. Wamboi mwenye nyumba, tulipokuwa bado wapangaji, alikuwa akigonga ukuta na kuuliza, "Baba Dismas, huyo ng'ombe anazaa lini?" Na Kagwe aliniita kando baada ya mazoezi, akaniambia, "Huyu wako anapuliza kama anayepoza uji. Mpeleke kwaya, hata ya kukaa nyuma." Mwezi uliofuata akarudia. Nilimnunia miaka sita, na kosa lake lilikuwa kusema kweli. Mniombee msamaha kwake.

Lakini yale maneno, Viola, niliyabeba kutoka Thika hadi hapa Kimbo, na kila Jumamosi nilipofika mlangoni yalikuwa mengine. "Mwalimu amesema unaendelea vizuri." "Mwalimu amesema hajaona pumzi kama yako." Hakusema. Hakuna hata neno moja alilosema. Na wewe ulikuwa unachukua tarumbeta unaenda nyuma ya choo kupuliza tena, mpaka midomo inavimba.

Hapo ndipo akili yangu inapopotea njia. Aliyekuwa na kipaji nilimpa methali ya wazee, akaacha. Asiyekuwa nacho nilimpa uongo, akaendelea. Nimelala hapa nikipima, kama ningewabadilishia je? Sijui. Nilitaka niwaachie neno moja la kuwaambia watoto wenu siku watakapochoka kujifunza, na silioni. Tena kuna hili, ambalo sijamwambia mtu. Wakati watu walipoanza kusema Viola anapiga vizuri, mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikaa kiti cha mbele nikipiga makofi wenzangu wakipiga. Sijui kama unapiga vizuri, mama. Siwezi kukuapia. Wale watoto wa mtaa wa Membley unaowafundisha, wazazi wao wanasikia, waulize hao, usiniulize mimi.

Dismas, niinulie mto. Pumzi ni fupi.

Bendi uichukue, Viola. Hilo nakuagiza. Na kaka yako, akitaka kulishika tena, usimcheke, na usimsifu ovyo. Mwambie ulichosikia tu.

Mbona midomo inacheza? Nilisema mningoje. Polepole. Uli... Dismas, anasema alijua? Na wewe unacheka nini, mtu mzima na ndevu? Alijua tangu lini? Kagwe alimwambia mwenyewe, hayohayo ya uji, kabla sijafika kumchukua?

Basi ulikuwa unarudi nami, unanisikiliza nikidanganya mlangoni, unanyamaza, unaenda kupuliza. Kwa nini, mama? Ni nini kilichokushika? Rudia, umeinama, sijaona midomo. Rudia tena.

Jibu lako halijanifikia. Dirisha limekuwa jeupe sana.

Mungu awatunze, wanangu. Awape pumzi ndefu kuliko yangu, mpendane, mtu asilale na njaa mwenzake akiwa na unga... nilikuwa na jingine. Limepotea.

Nilazeni. Viola, usinyamaze kwa sababu sisikii. Endelea kunieleza.