Niulizeni Mimi Mwenyewe

Chamgei, ndugu zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba niongee kwa upole kwa sababu wakubwa wa afya wako hapa wakiandika mwongozo wa kliniki. Nitajaribu, lakini siahidi.

Miaka minne iliyopita niliugua akili. Naitaja hivyo kwa sababu nimechoka na "kale kaugonjwa." Sikulala wiki mbili, nikasikia watu wakinisema kutoka ndani ya shamba la chai, nikamkimbia hata binti yangu. Nililazwa, nikapewa dawa, nikatulia. Namshukuru Mungu.

Niliporudi nyumbani Sosiot ndipo nilipoteswa. Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, alisema nisiguse kikapu. Eti nitachuma majani yaliyokomaa, halafu kwenye kituo cha kupimia majani chai ya boma lote irudishwe. Shamba ni langu! Nikakaa mlangoni nikitazama vibarua wakiruka chipukizi na kuchuma takataka. Hata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nilikatazwa kukisafisha, kwa sababu kinataka mkaa wa moto, na mimi na moto, haya.

Kliniki nayo ilinimaliza. Kila mwezi daktari alimuuliza shemeji: analala? Anakula? Ana fujo? Mimi niko hapo katikati kama gunia. Siku moja nikajibu mwenyewe. Ndugu zangu, nawaambia, iliandikwa kwamba nimeanza ubishi, na dawa ikaongezwa. Nikawa nasinzia mchana kutwa, mate yakinitoka, na nyumbani wakasema sasa nimepona vizuri.

Halafu akaja nesi mgeni. Alimwomba shemeji asubiri nje, akavuta kiti karibu nami.

"Mama, ukipata nafuu, wewe mwenyewe unataka kufanya nini?"

Nililia kwanza. Miaka miwili, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia, "Nataka kuchuma chai yangu."

Aliandika vivyo hivyo kwenye faili. Daktari akapunguza dawa pole pole, akinieleza kila hatua. Na mama mmoja wa kikundi hiki, aliyewahi kuugua kama mimi, akaja kuchuma nami asubuhi tatu za kwanza. Hakunisimamia. Alichuma mstari wake, nami wangu.

Siku ya kwanza kituoni, karani aliangalia majani ya wengine juu juu tu. Yangu aliyamwaga yote mezani, akapekua mpaka chini. Majani mawili na chipukizi, yote, kama kiwanda kinavyotaka. Akapima. Shemeji akawaambia watu kwamba nimesaidiwa. Kweli, nilisaidiwa. Sikuchumiwa.

Nesi yule, asante. Mama yule, unajijua, asante sana. Binti yangu, asante kwa kunisubiri.

Na ninyi mnaoandika, anzeni na hili: mgonjwa aulizwe yeye kwanza, na akijibu msiite jibu lake ugonjwa. Kwa sababu bado hatujafika. Juzi ng'ombe wa shemeji aliingia kwenye bustani yangu, nikapiga kelele. Shemeji akaja mbio, akanishika bega, akaniuliza taratibu kama leo nimemeza dawa.

Nikamwambia, "Nimemeza. Na ng'ombe wako bado anakula sukuma wiki yangu."